Je, wajua kwa nini taa za sherehe ya Nebuta hupakwa nta?

Kila mwaka, kuanzia tarehe 2 hadi 7 Agosti, mitaa ya Aomori kaskazini mwa Japani hupitishwa nebuta: masanamu ya karatasi yanayowashwa taa kwa ndani, ya mashujaa, majoka na mawimbi. Moja hufikia upana wa mita 9, kimo cha mita 5 pamoja na mkokoteni wake, na uzito wa tani 4 hivi. Usiku, magamba ya joka na povu la bahari hung'aa kuliko sehemu nyingine zote. Hapo hakuna rangi nyeupe. Kuna nta.

Karatasi ya washi, yaani karatasi ya jadi ya Kijapani, ni nyeupe kwa sababu kati ya nyuzi zake mna hewa, na hewa hiyo hutawanya mwanga. Nta iliyoyeyushwa ikizama, hujaza nafasi hizo, na mwanga hupita moja kwa moja. Kazi yake ya pili ni kuzuia rangi ya maji isivuke mpaka, kama wafanyavyo mafundi wa batiki, ila hapa nta haitolewi tena.

Mpangilio haubadilishwi. Kiunzi cha mbao na waya husimamishwa, taa hufungwa ndani, kisha karatasi hubandikwa kwa gundi kipande kwa kipande. Kingo zinazopandana zisipokatwa nyembamba, taa zikiwaka huonekana michirizi myeusi. Hufuata mistari ya wino mweusi, halafu nta, na rangi mwisho kabisa. Ukitanguliza rangi umeharibu: itakuwa imeshasambaa kwenye nyuzi, na nta haiwezi kuirudisha.

Joto la nta ndilo linalosumbua zaidi. Ikiwa ya moto mno, hutambaa na kuvuka mstari wa wino. Ikiwa imepoa, huganda juu juu, na rangi hupenya chini yake. Tazama doa: nta iliyozama vizuri huifanya karatasi ionekane imelowa mafuta, ukiona utando mweupe, rudisha chungu motoni.

Hirosaki, mji jirani, taa zao ni za umbo la kipepeo cha mkono cha kujipepea, na chini yake huchorwa maua ya botani (peoni), nembo ya ukoo wa Tsugaru uliotawala huko. Uzuri wa maua hayo uko kwenye wekundu unaofifia taratibu ndani ya petali, na ni nta inayouzuia usiingie kwenye kijani cha majani.

Sehemu zisizo na nta, hata hivyo, hazina kinga yoyote dhidi ya maji. Ndiyo maana mvua ikinyesha, sanamu zima hufunikwa plastiki angavu kabla ya kutoka.