Je, wajua kwa nini Golf GTI zenye tyuni moja zinasoma nguvu za farasi 205 huku na 252 kule, na hakuna daino iliyodanganya?

Jumamosi moja hapa Nakuru, tumekaa pale tunapooshea magari njia ya Kabarak, jamaa wawili karibu washikane mashati juu ya karatasi. Wote wana Golf GTI ya Mk6, ile ya injini ya lita 2.0 yenye turbo (feni inayosukumia injini hewa zaidi), wote wamewekewa steji 1, ile tyuni ya kwanza ya kuongeza nguvu kwa kubadilisha programu ya kompyuta ya injini, na faili ya tyuni ni ile ile, fundi ni yule yule wa Nairobi. Walipimia daino tofauti, zile mashine za kupima nguvu ya gari. Mmoja karatasi yake imeandikwa 252, mwingine 205. Huyu wa 205 alikuwa ashaamua ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Nikaomba nizione hizo karatasi na kusema ukweli nilicheka, juu hizo gari mbili zinatoa nguvu karibu sawa kabisa.

Tuanzie hapa, daino haipimi farasi. Gari inapandishwa kwa rola, inafungwa mikanda, inakanyagwa mpaka mwisho, na mashine inasoma vitu viwili tu: tairi inazungusha rola kwa nguvu kiasi gani na kwa mbio kiasi gani. Zilizobaki ni hesabu. Toki ya injini (nguvu yake ya kuzungusha) kwa Nm, zidisha kwa mizunguko ya dakika, gawanya kwa 9549, unapata kilowati. Hii Mk6 ilitoka kiwandani na kilowati 155, ambazo Mjerumani anaziandika farasi 210 na Mwingereza anaziandika 208, kwa sababu farasi wa Mjerumani ni mdogo kidogo. Hapo tayari farasi wawili wametoroka zizini na hakuna mtu ameguza gari.

Tena hizo 155 ni za injini yenyewe kabla ya giaboksi, shafti na tairi kula zao, na kwa gari ya kuvuta mbele hiyo hasara mara nyingi inakadiriwa asilimia 10 hadi 15. Daino nyingine inakupa namba ya tairi hivyo hivyo ilivyo, nyingine inaongeza makadirio ya kilicholiwa ndio ikupe namba ya injini. Ukiulizwa gari yako ina farasi ngapi, kwanza muulize ngapi za wapi.

Lakini kilichowagombanisha hawa wawili ni hewa.

Nakuru iko mita kama 1,850 juu ya bahari. Mombasa hewa inakusukuma kwa kilopaskali 101 hivi, Kisumu kama 88, Nairobi kama 83, huku kwetu ni kama 81. Injini isiyo na turbo, tuseme ya Probox, ikifika hapa imepoteza karibu moja ya tano ya hewa yake hata kabla haijapakiwa watu tisa na kuku. Sasa wenye kutengeneza daino walitaka mtu wa milimani na mtu wa pwani waweze kulinganisha gari, ndio wakaweka fomula za kurekebisha. Ile ya SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Wamarekani, inajifanya gari ilipimwa kwa hewa ya kilopaskali 99 na joto la nyuzi 25. Ukiipa hewa ya Nairobi, inachukua namba iliyosomwa na kuipandisha kama asilimia 23. Sasa chukua 205 zidisha kwa 1.23. Ni 252.

Ndio hivyo. Karatasi ya 252 ilikuwa na neno SAE kwa maandishi madogo pale kona na 1.23 kando yake, karatasi ya 205 ilikuwa na 1.00. Hakuna aliyeibiwa.

Sasa hapa ndio patamu. Hiyo fomula ilipigwa kwa injini zinazovuta hewa zenyewe, na turbo haivuti hewa hivyo. Kompyuta za gari kama hii zinalenga presha kamili ndani ya injini, si kile turbo imeongeza juu ya hewa ya nje. Tuseme inataka baa 1.8 (baa moja ni kilopaskali 100). Mombasa hewa yenyewe inaleta 1.0, turbo inamalizia 0.8. Nakuru hewa inaleta 0.8, turbo inabidi imalizie 1.0. (Ndio maana kijigeji cha busti, ile presha turbo imeongeza, kwa dashibodi kinasoma juu zaidi ukiwa Naks kuliko ukiwa pwani na mtu anadhani gari yake imepata nguvu mpya, kumbe injini inapata presha ile ile.) Kwa hivyo turbo inarudisha kiasi kikubwa cha ile hewa iliyopotea, halafu fomula inakuja kukurudishia tena kana kwamba ulipoteza yote. Unalipwa deni mara mbili. Mimi karatasi yoyote ya gari ya turbo iliyopimwa nyanda za juu na kurekebishwa kwa SAE naisoma nikiwa nimekunja uso.

Hiyo hewa si ya bure lakini. Kufikisha 1.8 Mombasa turbo inakandamiza hewa mara 1.8, Nakuru mara 2.25. Weka steji 1 inayotaka 2.2 na huku inakuwa mara 2.75, na ile turbo ya Mk6 ni ndogo, ikifika huko inazunguka mbio sana na inatoa hewa moto kuliko inavyotoa hewa nyingi. Intakula, ile ya kupoza hewa kabla iingie kwenye injini, inazidiwa, injini inaanza kunoki (mafuta yanajiwasha yenyewe vibaya), kompyuta inarudisha taiming, yaani wakati wa plagi kuwasha, nyuma kujiokoa na farasi zinayeyuka hapo hapo. Faili ya kiwandani inajua kupunguza busti ukipanda mlima. Faili ya tyuni inategemea aliyeiandika aliwahi kufikiria mtu wa kupanda Mau Summit ama alifikiria Uingereza tu.

Kwa hivyo ukitaka kulinganisha tyuni mbili, achana na namba kubwa ya juu. Daino moja, siku moja, gia moja (nyingi hupimwa gia ya 4), mafuta ya tangi moja, feni kubwa mbele, marekebisho yazimwe au yawe sawa, na urudie mara tatu maana ya kwanza mara nyingi inakuwa tamu kabla intakula haijapata moto. Halafu angalia laini nzima ya grafu. Tyuni inayoshinda kwa farasi 8 pale mizunguko 6,000 lakini imelala kati ya 2,500 na 4,500 itapitwa na ile nyingine ukitoka Salgaa nyuma ya trela, kwa sababu huko ndiko unakoendeshea. Omba pia logi (rekodi) ya busti, joto la hewa inayoingia na taiming. Fundi akisita kukupa, mimi ningerudisha funguo mfukoni.

Nilipomaliza nikawauliza swali moja tu: kabla ya tyuni gari zilisoma ngapi kwa hizo daino? Kimya. Hakuna aliyepima. Yaani tumebishana masaa mawili kuhusu 252 na 205 na hakuna anayejua hiyo steji 1 iliongeza 10 ama 40. Jamaa wa 205 akasema atarudisha faili ya kiwandani, apime, arudishe tyuni, apime tena. Jumatatu akapiga simu kuuliza bei ya rola mara mbili, na sasa anasema 205 si mbaya.