Sukari 5.8 si ruhusa ya kuacha vidonge vya presha

Nimeisikia tena wiki hii, safari hii kutoka kwa mwalimu mstaafu mwenye kisukari, msomaji mzuri wa magazeti: "Dokta, sukari ya asubuhi ni 5.8, moyo uko salama. Vile vidonge vya presha na vya mafuta nimeviweka pembeni." Presha yake ilikuwa 168 kwa 96. Naandika hapa ili siku nyingine niwe natuma tu kiungo.

Duniani kote, kinachoua wengi wenye kisukari cha aina ya pili ni moyo na kiharusi. Namna inavyotokea imo kwenye kila kitabu, kwa hiyo napita haraka: sukari ikikaa juu miaka mingi, utando wa ndani ya ateri hautengenezi tena oksidi ya nitriki (gesi inayolegeza mshipa) ya kutosha, chembe sahani, zile za kugandisha damu, zinashikamana ovyo, figo zinaanza kuvujisha protini na presha inazidi kupanda.

Sasa kinachoniudhi. Kisukari cha aina ya pili huja na genge lake: kitambi, presha, trigliseridi (mafuta ya damu) za juu, HDL (kolesteroli nzuri) ya chini. Glukomita, kile kipimo cha sukari cha nyumbani, haimwoni hata mmoja wa genge hilo, inaona sukari tu, na wewe unamtangazia ushindi! Wengine wananionyesha karatasi ya maabara: "LDL yangu ni ya kawaida," yaani kolesteroli mbaya. Kiasi chake kinaweza kuwa cha kawaida, lakini chembe zake kwa mwenye kisukari mara nyingi ni ndogondogo na nyingi, zinapenya ukuta wa ateri kirahisi. Ndiyo maana utafiti wa CARDS, uliofanyika Uingereza na Ireland, uliwapa atorvastatini, dawa ya kushusha kolesteroli, miligramu 10 watu wenye kisukari ambao LDL yao haikuwa juu. Matukio makubwa ya moyo na kiharusi yalipungua kwa asilimia 37, na utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu jibu lilishaonekana. Hiyo ilikuwa 2004, na bado tunabishana kliniki.

Kuhusu presha, UKPDS, utafiti mkubwa wa kisukari wa Uingereza, ilishamaliza ubishi mwaka 1998: waliodhibitiwa presha kwa ukali walipata kiharusi pungufu kwa asilimia 44. Kushusha sukari, katika utafiti huohuo, kulisaidia macho na figo waziwazi. Kwa mshtuko wa moyo, faida ilikuwa ya kubahatisha kitakwimu.

Hapa ndipo vitabu vya wanafunzi vinapokohoa kidogo. Mwaka 2008 utafiti wa ACCORD, Marekani na Kanada, ulijaribu kusukuma HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu) chini ya asilimia 6. Waliosukumwa walikufa zaidi kuliko wenzao, ikabidi sehemu hiyo isimamishwe. Kwa nini? Sukari kushuka mno, uzito kuongezeka, haraka yenyewe? Wataalamu hawajakubaliana, na mimi sijaridhika na jibu lolote kati ya hayo. Lakini usikimbilie kuacha metformini, dawa yako ya sukari: mwaka huohuo wale wa UKPDS walipofuatiliwa kwa miaka kumi zaidi, waliodhibiti sukari mapema walikuwa na mishtuko ya moyo michache, ingawa sukari za makundi yote mawili zilishalingana. Kwa hiyo sukari ina kazi yake, ila inalipa polepole na inapenda kuanzwa mapema.

Aspirini ya kila siku kwa asiye na ugonjwa wa moyo? Usijiandikie. Inapunguza matukio kidogo na kuongeza kuvuja damu.

Na jingine: kisukari huharibu mishipa ya fahamu, hata ya moyo. Mshtuko unaweza kuja bila yale maumivu ya kifua ya kwenye filamu. Unahema, jasho la baridi linakutoka, kichefuchefu, uchovu wa ghafla usioeleweka. Ukifika hospitali hivyo, neno la kwanza liwe "nina kisukari," na omba kipimo cha umeme wa moyo kabla hujakubali kurudi nyumbani na dawa ya vidonda vya tumbo.