Bima haikukataa dawa yako: matibabu ya uraibu wa opioidi na kadi yako ya afya Marekani

Malalamiko yanayoongoza mezani kwetu, tunakosaidia watu wenye shida za bima ya afya, ni sentensi moja: "Bima imekataa dawa yangu." Anayeisema huwa ameshafika famasi, ameambiwa kitu kwa Kiingereza cha haraka haraka, ameondoka mikono mitupu, na amekaa siku mbili tatu bila dawa ndipo akatutafuta. Kwa mtu aliye kwenye matibabu ya uraibu wa opioidi, yaani heroini, fentanili na vidonge vikali vya maumivu, siku hizo si za kuchezea. Arosto, yale mateso ya mwili kukosa dawa, inamrudia, na akiingia mtaani kutafuta cha kuituliza anauziwa fentanili, opioidi kali inayoua kwa kiasi kidogo, wakati mwili wake hauhimili tena dozi za zamani. Mwaka 2023 dawa zilizozidi mwilini ziliua zaidi ya watu 105,000 nchini Marekani. Mwaka 2024 vifo vilishuka hadi kama 80,000, na vilivyo vingi bado vinatokana na opioidi.

Tunapofungua jalada la mlalamikaji, mara nyingi tunakuta bima haikukataa chochote. Iliuliza swali, hakuna aliyelijibu. Hilo ndilo ningependa lieleweke kwa Waswahili wa Louisville na Lexington, Portland na Lewiston, Columbus, Grand Rapids, Dallas na kwingineko ambako familia zetu, nyingi zikitokea Kongo kupitia kambi za Tanzania, Uganda, Burundi na Rwanda, zimeweka makazi. Ninayoeleza hapa ni kanuni za shirikisho. Kila jimbo lina nyongeza zake, hivyo makala haya hayachukui nafasi ya maelezo ya jimbo lako wala ya mwanasheria.

Dawa zenyewe ni tatu: methadoni, buprenofini, ambayo wengi mnaijua kwa jina la Suboxone ikiwa imechanganywa na naloksoni (dawa inayozuia nguvu ya opioidi), na naltreksoni, ile sindano ya kila mwezi iitwayo Vivitrol. Tangu Oktoba 2020 sheria inazitaka Medicaid za majimbo, yaani bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, zilipie zote tatu pamoja na ushauri nasaha. Sheria ile ilikuwa na ukomo. Mwaka 2024 Bunge liliuondoa ukomo huo. Bima za kujinunulia kwenye soko la serikali, chini ya sheria ya mwaka 2010, nazo zinalazimika kugharamia matibabu ya uraibu. Bima ya kampuni kubwa unakofanyia kazi haikulazimishwa kuwa nayo, ila ikishakuwa nayo, sheria ya usawa ya mwaka 2008 inaizuia kuyawekea masharti magumu kuliko inayoyaweka kwa kisukari au presha. Kwa hiyo swali la "wanalipa au hawalipi" kwa watu wengi limeshajibiwa. Linalobaki ni wanalipia wapi, kwa karatasi gani, na kadi yako ipo hai au imekufa.

Tuanze na methadoni, maana hapo ndipo vurugu kubwa ilipo. Mtu anakwenda famasi na kadi yake, anaulizia methadoni ya uraibu, anaambiwa haipo, anarudi nyumbani akisema bima yake ni ya hovyo. Jamani, famasi hairuhusiwi kukuuzia methadoni kwa ajili ya uraibu. Haijalishi una bima gani. Inayopatikana famasi ni ya maumivu tu. Ya uraibu hutolewa na kliniki zilizosajiliwa kwa kazi hiyo: unafika dirishani, nesi anakuuliza jina na tarehe ya kuzaliwa, anakupitishia kikombe kidogo, mara nyingi maji mekundu yenye uchungu uliofunikwa na utamu, unakunywa mbele yake, anakusemesha kidogo ahakikishe umemeza, unakwenda zako kazini. Kliniki inaidai bima kwa huduma nzima, si kwa chupa ya dawa, ndiyo maana ukiitafuta methadoni kwenye orodha ya dawa za bima yako utakesha. Piga namba ya wanachama iliyo nyuma ya kadi, uliza kliniki ipi ya methadoni inapokea bima yako. Hapo hapo uliza usafiri, kwa kuwa Medicaid inagharamia usafiri wa kwenda kwenye matibabu kwa asiye na namna nyingine ya kufika, na watu wengi wanaacha methadoni si kwa sababu ya bei bali kwa sababu ya basi la saa kumi na moja alfajiri.

Kwenda kila siku nako kumelegezwa. Kanuni zilizoanza 2 Aprili 2024 zinamruhusu daktari kukupa dozi za hadi siku 7 za kwenda nazo nyumbani katika wiki mbili za mwanzo, hadi siku 14 kuanzia siku ya 15, na hadi siku 28 kuanzia siku ya 31. Ni ruhusa kwa daktari, si haki unayoweza kwenda kuidai kwa sauti. Na chupa hizo zikae kwenye sanduku lenye kufuli. Tumekwisha kusikia za kuwekwa kwenye friji, mlango mmoja na juisi ya watoto. Dozi ya mtu mzima inamuua mtoto.

Wazee wenye Medicare, bima ya serikali ya wenye miaka 65 na zaidi, wajue tofauti moja tu: methadoni ya kliniki inalipwa na sehemu B, ile ya huduma za madaktari na kliniki, tangu Januari 2020, buprenofini ya famasi inalipwa na sehemu D, ile ya dawa. Mzee asiye na sehemu D atailipia buprenofini mfukoni.

Buprenofini ina njia nyepesi zaidi. Zamani daktari alihitaji kibali cha pekee kuiandika. Kibali hicho kilifutwa mwishoni mwa Desemba 2022, na sasa daktari wako wa kawaida mwenye leseni ya kuandika dawa za aina hiyo anaweza kukuandikia. Akikuambia hana kibali, mwambie kwa heshima kwamba hakihitajiki tena, na akisitasita omba akuelekeze kwa mwingine. Dawa unaichukua famasi, vipande vyembamba kama karatasi, kila kimoja kwenye pakiti yake ngumu kufungua, unakiweka chini ya ulimi kiyeyuke.

Sasa dirishani. Mfamasia anaingiza jina lako, kompyuta inarudisha neno, naye anakuambia "haikupita". Usiondoke hapo. Muulize: haikupita kwa nini? Majibu ni machache na kila moja lina dawa yake. Pengine bima inalipia vidonge na daktari ameandika vipande, au inalipia ya kampuni nyingine; mfamasia ampigie daktari abadilishe, ni simu ya dakika tano. Pengine umewahi, dozi ya mwezi uliopita kwa hesabu yao haijaisha. Pengine wanataka "prior authorization", yaani daktari atume maelezo bima iidhinishe kwanza. Pengine kadi imekufa kwa sababu hukujibu barua ya kuhuisha uanachama, na hapo famasi haina kosa, wala daktari.

Kuhusu hiyo idhini ya awali, shikeni jambo ambalo wahusika wenyewe wakati mwingine hulisahau. Sheria ya shirikisho inaitaka Medicaid ijibu ombi la idhini ya dawa ndani ya saa 24, na katika hali ya dharura famasi iweze kukupa dawa ya kutosha angalau saa 72. Kukatishwa buprenofini ghafla ni hali unayoweza kuieleza kuwa dharura. Omba hizo saa 72 kwa kuzitaja. Aliye dirishani akisema hajui, omba umuone mfamasia mkuu wa zamu.

Zikiisha njia hizo na barua ya kukataliwa ikaja kweli, soma tarehe iliyo juu ya barua kabla ya kusoma kingine chochote. Kwa Medicaid inayoendeshwa na kampuni ya bima una siku 60 kuanzia tarehe hiyo kukata rufaa, na siku 60 ni za kalenda, Jumapili imo. Ila kama ni huduma uliyokuwa unapata na sasa wanaikata, una siku 10 tu za kuomba iendelee wakati rufaa inasikilizwa, na ukishindwa wanaweza kukudai gharama za kipindi hicho. Daktari akiandika kwamba kuchelewa kutahatarisha afya yako, rufaa inakuwa ya haraka na lazima waamue ndani ya saa 72. Ya kawaida inaweza kuchukua hadi siku 30. Ukishindwa kwa kampuni, unaomba kusikilizwa na jimbo, na muda wake umeandikwa kwenye barua ya pili. Wenye bima ya kazini wana siku 180 za rufaa ya kwanza, kisha miezi minne ya kuomba mtu wa nje ya kampuni aamue. Tunza bahasha. Tunza nakala ya kila ulichotuma. Andika jina la uliyeongea naye na saa.

Na mkalimani ni bure, kwa simu au ana kwa ana, kokote kunakopokea fedha za shirikisho. Naliona hili kila mara na kila mara linaniuma: mtoto wa miaka kumi na mbili amekaa kati ya daktari na baba yake, anamtafsiria baba habari za uraibu wa baba. Kanuni za shirikisho zinakataza kumtumia mtoto, isipokuwa katika dharura wakati mkalimani bado hajapatikana. Sema "Swahili interpreter, please" na usubiri. Mkalimani akiongea Kiswahili cha Mombasa nawe ni wa Uvira, mtaelewana.

Lazima niseme na habari za kugawana. Shemeji ameishiwa, unampa vipande vyako vitatu. Naelewa moyo huo. Sheria haiuelewi. Buprenofini iko daraja la tatu la dawa zinazodhibitiwa: kumpa au kumuuzia mtu mwingine ni kosa la shirikisho, adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka 10 na faini ya hadi dola 500,000. Methadoni iko daraja la pili: hadi miaka 20 na dola milioni moja. Asiye raia anaongezewa jingine, kwa kuwa hukumu ya dawa za kulevya inaweza kumfukuzisha nchini hata akiwa na kadi ya kijani. Kumuazima ndugu kadi yako ya Medicaid nako ni udanganyifu, na udanganyifu hauna cha "hatukujua".

Jambo jipya ni sheria iliyotiwa saini 4 Julai 2025. Katika majimbo yaliyopanua Medicaid iwachukue watu wazima wengi zaidi wa kipato kidogo, kama Kentucky, Ohio, Michigan na Maine, watu wazima wa miaka 19 hadi 64 walioingia kupitia upanuzi huo watatakiwa kuonyesha saa 80 kwa mwezi za kazi, masomo au kujitolea, si baada ya 1 Januari 2027, na jimbo linaweza kuanza mapema. Watahuishwa kila miezi sita badala ya mwaka. Usipothibitisha utapewa siku 30 baada ya taarifa, kisha unaondolewa, na aliyeondolewa kwa sababu hiyo hapati ruzuku ya soko la bima. Lakini mwenye uraibu wa opioidi au dawa nyingine ametajwa kwenye sheria hiyo hiyo kuwa hahusiki na sharti la kazi. Usiutegemee msamaha huo uje wenyewe. Mwambie daktari au kliniki ikuandikie mapema, kabla fomu haijafika. Texas haikupanua, na huko mtu mzima asiye na mtoto, asiye mlemavu wala mjamzito, kwa kawaida hana Medicaid ya kuzungumzia.

Wakimbizi wana tarehe yao: 1 Oktoba 2026. Kuanzia hapo fedha za shirikisho za Medicaid hazitamfuata mkimbizi au aliyepewa hifadhi ambaye bado hana kadi ya kijani, ingawa majimbo mengi yana nafasi ya kuendelea na watoto na wajawazito. Mkimbizi anaweza kuomba kadi hiyo baada ya mwaka mmoja nchini, na fomu kwake haina ada. Kuomba si kupata, najua. Ila aliye kwenye matibabu ya uraibu asiende kwenye uchunguzi wa daktari wa uhamiaji, ambako uraibu huulizwa, kabla ya kuongea na mwanasheria wa uhamiaji. Hilo siwezi kulisema kwa upole zaidi.

Kuna wanaoogopa kwamba kuandika "nipo kwenye matibabu" ni kujipeleka polisi. Kumbukumbu za programu za matibabu ya uraibu zina ulinzi wake wa pekee: haziwezi kutumiwa kukushtaki bila ridhaa yako au amri ya mahakama. Mwajiri naye haruhusiwi kukufukuza kwa sababu tu unatumia dawa hizi kama ulivyoandikiwa. Ukipimwa mkojo ghalani, karatasi ya daktari muonyeshe daktari anayesoma majibu, si msimamizi wa zamu. Na kuna wanaoambiwa kanisani waache dawa waombe. Waombe. Dawa wasiache. Methadoni na buprenofini hupunguza uwezekano wa kufa kwa karibu nusu, na wengi tunaowapoteza ni walioacha katikati.

Ambaye kadi yake imekufa na hana njia ya kuifufua leo, aende kituo cha afya ya jamii kinachofadhiliwa na shirikisho. Hakimfukuzi asiye na bima, na malipo yanafuata kipato; aende na hati za mshahara za mwezi mmoja, au barua ya anayemhifadhi ikiwa hana kazi. Amwombe daktari amwandikie buprenofini yenye naloksoni isiyo ya jina la kampuni, ambayo bei yake ni ndogo kuliko Suboxone yenyewe, na amuulize mfamasia kuhusu kuponi ya punguzo kabla ya kulipa.

Narcan ya kupuliza puani, yaani naloksoni ya kumwokoa aliyezidiwa na opioidi, inauzwa bila cheti tangu 2023, na idara nyingi za afya za kaunti zinaigawa bure. Iwepo nyumbani, na asiyetumia dawa ndiye ajue ilipo.