Seli hazioti, lakini mkono wa bibi haujafa

Jumatatu kijana mmoja wa Tandahimba alinifungulia klipu kwenye simu kabla hata hajakaa. Bibi yake, miezi saba tangu apate kiharusi, alikuwa kwenye benchi, mkono wa kulia kauviringa ndani ya khanga. Klipu inasema wanasayansi wamegundua kuwa ubongo wa mtu mzima huota seli mpya. "Sasa daktari, si tumpumzishe tu bibi mpaka hizo seli ziote?"

Mwezi uliopita niliambiwa kinyume chake. Mzee mmoja wa Mikindani alikuwa ameelezwa kwamba seli za ubongo zikifa hazirudi, na miezi sita ikishapita ndiyo basi, akapumzike nyumbani. Mimi ni mtu wa mazoezi, kama wagonjwa wangu wa hapa Mtwara wanavyoniita, na imani hizi mbili zimenichosha, kwa sababu zote zinaufikisha mkono palepale: ndani ya khanga.

Habari yenyewe ya klipu ni ya kweli. Mwaka 2025 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walichapisha kwamba wamekuta seli changa zinazogawanyika, zile zinazokuja kuwa niuroni (seli za neva za ubongo), kwenye hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo, za watu wazima. Ubishi huo ni wa muda mrefu. Mwaka 2018 peke yake zilitoka tafiti mbili, moja ikisema hazipo na nyingine ikisema zipo. Ila hipokampasi inashughulika na kumbukumbu. Mkono hauendeshwi kutoka huko.

Kinachoniudhi ni kwamba maabara hiyohiyo, ya Jonas Frisén, ilishalijibu swali la wagonjwa wangu, na jibu hilo hakuna anayelisambaza. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 yalimwaga hewani kaboni 14 nyingi, aina ya kaboni yenye mionzi. Baada ya mkataba wa 1963 wa kuyazuia majaribio hayo hewani ikaanza kupungua mwaka hadi mwaka. Mimea huivuta, sisi tunaila mimea, na seli inapozaliwa huhifadhi kwenye DNA yake kiasi kilichokuwepo hewani wakati huo. Ukikipima, unausoma mwaka seli ilipozaliwa. Mwaka 2014 walipima hivyo kwenye gamba la ubongo, tabaka la nje linaloongoza pia mikono, la watu waliokuwa wamepata kiharusi. Niuroni zilikuwa na umri uleule wa mwenye ubongo. Mpya hazikuonekana.

Kwa hiyo aliyemwambia mzee kwamba seli hazirudi alisema kweli. Kosa lake ni ile "ndiyo basi". Kinachorudisha mkono ni niuroni zilizobaki hai, jirani na zilizokufa, zikipewa kazi. Mtafiti Randolph Nudo na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1996 kwa kima wadogo wa Amerika. Waliwaharibu kidogo sehemu ya ubongo inayoongoza mkono, kisha wakawazoeza kuchopoa vipande vidogo vya chakula kwenye vishimo vyembamba. Waliozoezwa, eneo la mkono lililosalia lilihifadhika, na kwa baadhi yao likaingia hata kwenye eneo la kiwiko na bega. Wasiozoezwa, hata sehemu isiyodhurika iliyopakana na jeraha ilipoteza nafasi ya mkono. Hilo la pili ndilo ninalotaka ndugu wa wagonjwa walisikie. Mkono uliopumzishwa unanyang'anywa nafasi yake.

Nikamwamkia bibi, nikamwomba mkono. "Huu si wangu tena, mwanangu. Ninaubeba tu."

Nilimwekea ungo mapajani, nikamwaga korosho za maganda, nikamvisha mkono wa kushoto soksi. Ya kwanza aliisukuma kwa ubavu wa kiganja ikaanguka. Ya pili pia. Bega likapanda kutaka kusaidia, nikalishika lisipande. Mjukuu akanyoosha mkono amshikishe bibi yake ile korosho, na hapo nilimkaripia, nakiri. Ya sita aliibana kati ya dole gumba na ubavu wa kidole cha shahada, akainyanyua kama inchi moja. Jasho lilikuwa linamtoka.

Hiyo soksi ina asili yake. Mwanasaikolojia Edward Taub aligundua kuwa nyani aliyekatwa neva za hisia za mkono mmoja huacha kuutumia, lakini ukimfunga ule mzima anautumia. Alikuwa amejifunza kutoutumia. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2006 lilichukua watu 222 waliopata kiharusi miezi mitatu hadi tisa nyuma. Glovu kwenye mkono usiougua karibu muda wote walio macho, mazoezi hadi saa sita kwa siku, wiki mbili. Mwaka mmoja baadaye walikuwa bado wanawazidi wenzao waliopata huduma ya kawaida. Mwaka 2021 tena, watu 108, wengine miaka mingi tangu kiharusi, walifanya mazoezi wakiwa na kifaa cha kuchochea neva ya vagasi, inayopita shingoni. Kilipowashwa, karibu nusu walipata nafuu ya maana. Kwa wasiowashiwa, robo. Na hiyo robo ilipata kwa mazoezi matupu, baada ya miezi sita mnayoiita mwisho.

Sasa upande usiopendeza. Wale 222 walichaguliwa wakiwa tayari na mwendo kidogo wa kifundo cha mkono na vidole. Mkono uliolegea kabisa soksi haiusaidii, na mzee wa Mikindani yuko karibu na hapo. Namzoeza bila kumwahidi vidole. Tena wiki za mwanzo ubongo hujirekebisha wenyewe kwa nguvu, kiasi kwamba mgonjwa wa mwezi wa kwanza akinishukuru, siwezi kuapa kuwa ni kazi yangu. Na kuwahi kupita kiasi kuna madhara: jaribio la 2015 lenye wagonjwa zaidi ya 2,000 lilionyesha kuwa kumwinua mgonjwa mara nyingi kuanzia saa 24 za kwanza kulipunguza uwezekano wa kupona vizuri.

Mimi nina nusu saa kwa kila mgonjwa, kwa hiyo saa zilizobaki ni za nyumbani. Soksi ivuliwe bibi akitembea na mkongojo au akiwa karibu na moto. Ming'oko, viazi pori vyetu vya huku, amenye mwenyewe, hata kama mmoja utachukua robo saa. Mjukuu ameniuliza afanye nini wakati huo. Nimemwambia akae karibu, amshikie ungo.