Ulimi na tundu: mbao zinavyoshikana bila msumari

Fundi akisema "ulimi na tundu" anataja kiungo rahisi kueleza na kigumu kutenda. Mwisho wa boriti moja unapunguzwa pande mbili hadi ubaki ulimi katikati. Nguzo inayoupokea inachimbwa tundu kwa patasi. Ulimi ukishaingia, kijiti cha mbao ngumu hupigwa kupita kote kuwili. Kiunzi kizima cha nyumba, kuanzia nguzo hadi paa, kinaweza kusimama hivyo.

Kwa kawaida ulimi huwa theluthi ya unene wa boriti: boriti ya milimita 150, ulimi wa 50. Ukiwa mnene mno, kuta za tundu hubaki nyembamba na kupasuka. Ukiwa mwembamba, wenyewe ndio unaovunjika.

Nilichokipenda zaidi nilipojifunza, Jumamosi kadhaa katika karakana moja hapa Nairobi, ni siri ya kile kijiti. Unatoboa kuta za tundu kwanza, unaingiza ulimi, unautia alama, kisha unauchomoa. Sasa unapotoboa ulimi hufuati alama yenyewe: unasogea milimita mbili hivi kuelekea mabegani, pale ulimi unapoanzia. Vitobo havilingani, na ndivyo inavyotakiwa. Kijiti kikipigwa kinajipinda kidogo na kuuvuta ulimi ndani. Nilipopiga changu cha kwanza, mwanya kati ya mabega na nguzo, ambao ungepitisha karatasi, ulifumba mbele ya macho yangu. Nilishusha nyundo nikapapasa pale kwa kidole.

Lakini kiungo hakiwezi kuwa bora kuliko mti wenyewe, kwa hiyo lazima uujue. Mimi niliwahi kuuziwa "mahogani" kwa bei ya mahogani. Nilipoikata, wekundu ulikuwa juu tu, ndani ni saiprasi iliyopakwa rangi. Iliniuma sana. Tangu hapo siangalii uso wa ubao, naangalia pale ulipokatwa mwisho. Palainishe kwa wembe mpya, tia tone la maji, tazama kwa lenzi inayokuza mara kumi. Mkaratusi, mvule na muhuru wa Meru wana vinyweleo, vitundu vya mishipa iliyokuwa ikipandisha maji mtini. Saiprasi na paini hawana. Hawa wawili nao hutofautiana: paini ina mifereji ya utomvu, saiprasi haina. Mgrevilea ukipasuliwa kuelekea kiini huonyesha madoadoa yanayong'aa kama wavu. Huo huhitaji hata lenzi.

Majina "mbao ngumu" na "mbao laini" yasikupotoshe. Wataalamu wa miti hugawa kwa aina ya mti, si kwa uzito wa ubao: balsa, nyepesi kiasi cha kutobolewa kwa kucha, imo kundi la mbao ngumu.

Jambo la mwisho ni ukavu. Mbao mbichi ikikauka, urefu karibu haupungui, lakini upana hupungua, na kuizunguka miduara ya mti hupungua takriban mara mbili ya kuelekea kiini. Ndiyo maana boriti inaweza kuchongwa ikiwa mbichi, ila kijiti lazima kiwe kikavu kabisa. Kikiwa kibichi kitasinyaa tunduni mwake, na baada ya muda utakichomoa kwa vidole viwili.