Mazoezi ya makusudi: maana yake kwa mpiga gitaa aliyekwama katikati

Jioni moja kibarazani, huku Ngamiani, Tanga, kijana mmoja alinipigia wimbo mzima wa dansi bila kusita. Kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, anazijua, mkono wa kulia unakwenda na mapigo. Alipomaliza akaniuliza: "Mjomba, mwaka wa tatu huu nashika gitaa kila siku, mbona nipo palepale?" Nikamwomba arudie mahali pamoja tu, pale wimbo unapotoka kodi ya C kwenda kodi ya F. Akarudia. Kwenye F, uzi wa pili, ukihesabu kuanzia ule mwembamba kuliko wote, haukulia. Ulitoa mlio mfu, kama ukucha unaogonga ubao. Nikamuuliza kama anausikia. Akasema anausikia tangu mwaka wa kwanza, ila wimbo ukishaendelea haujulikani tena.

Kijana yule alikuwa anapiga gitaa kila siku, lakini mazoezi alikuwa hafanyi. Ni vitu viwili tofauti, na wengi wetu tunaojifunza wenyewe mitaani tunavichanganya. Kupiga ni kufanya unachokijua. Mazoezi ya makusudi ni kuchukua jambo dogo ambalo bado hulimudu, ukaliweka peke yake, ukalifanya kwa akili yako yote, ukasikia papo hapo umekosea wapi, ukarekebisha, ukarudia.

Jina hilo limetokana na kazi ya mwanasaikolojia wa Kiswidi, Anders Ericsson, ambaye mwaka 1993 yeye na wenzake wawili walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa violini katika chuo cha muziki mjini Berlin. Waliwalinganisha wanafunzi bora na wa kawaida, wakakuta kwamba walio bora walikuwa wamekusanya saa nyingi zaidi za mazoezi ya peke yao. Humo ndimo zilimotoka zile saa 10,000 zinazotajwa kila mahali. Lakini ile ilikuwa hesabu ya wastani wa kundi moja la wapiga violini, si kizingiti ambacho ukikivuka unakuwa fundi. Mtu anaweza kurudia nyimbo zake kumi kwa saa 10,000 na uzi wa pili ukabaki mfu.

Kwa nini anayekwama ni mtu wa katikati, na si anayeanza? Anayeanza kila kitu kwake ni kigumu, kwa hiyo hata akipiga ovyo anajifunza. Ukishamudu kodi za kawaida, vidole vinajiendesha vyenyewe, na akili inaondoka kwenda kuwaza mambo mengine. Jukwaani hilo ni jema, maana unaweza kuimba na kumtazama mpiga ngoma. Ila vidole vinavyojiendesha vinabeba na makosa yake. Kila ukirudia, kosa linazama zaidi.

Turudi kwenye ile F. Kidole cha shahada kinatakiwa kibane nyuzi zote sita kwenye freti ya kwanza, yaani nafasi ya kwanza kati ya vyuma vya shingo ya gitaa. Kijana alikuwa anadhani hana nguvu, akawa anakaza mpaka kiganja kinauma. Tatizo halikuwa nguvu. Kidole kina mikunjo kwenye viungo, na uzi wa pili ulikuwa unaangukia kwenye mkunjo, panapobonyea. Nikamwambia asogeze kidole juu kidogo tu, kisha akilaze ubavu, upande ulio mgumu wenye mfupa, kikae karibu kabisa na chuma cha freti. Gumba likashuka nyuma ya shingo. Halafu hatukupiga kodi nzima. Tulipiga uzi mmoja mmoja, wa sita mpaka wa kwanza, tukisikiliza kila mmoja. Uzi ukifa, anasogeza kidole, anaanza tena. Tulitumia kama dakika kumi kwenye kodi moja, na hatukugusa wimbo.

Baada ya hapo ndipo inapokuja saa ya mapigo, metronomu, ambayo sasa inapatikana bure kwenye simu. Weka mapigo 60 kwa dakika, yaani pigo moja kwa sekunde. Mapigo manne C, manne F. Ukifaulu mara tano mfululizo bila uzi kufa, ongeza manne, yawe 64. Ukikosea, rudi nyuma. Polepole si adhabu ya wanaoanza. Ni kwenye mwendo huo ndipo unapoweza kukiona kidole kinachochelewa. Na ukitaka kujua kama mapigo yako mwenyewe yamesimama, ufanye mlio wa saa uwe pigo la pili na la nne, la kwanza na la tatu uyabebe wewe. Wengi wanaoamini wanashika mapigo wanapotea hapo ndani ya nusu dakika.

Jambo moja linalowadanganya watu: kurudia kitu kimoja mara hamsini usiku mmoja. Mwisho wa usiku kinatoka safi, unalala umefurahi, asubuhi hakipo. Ustadi wa namna hiyo ni kama tunavyosema mji wetu, waja leo waondoka leo. Dakika kumi leo, kumi kesho na kumi keshokutwa zinazidi nusu saa ya mkupuo mmoja, kwa sababu kila ukirudi baada ya kulala ubongo unalazimika kukitafuta tena, na kule kukitafuta ndiko kunakokikaza. Kwa hiyo dakika arobaini zigawe: hiyo F, kisha skeli moja, yaani ngazi ya sauti, kisha kitu cha kusikiliza kwa sikio, kisha piga nyimbo zako kwa raha. Raha isikosekane, maana bila hiyo gitaa litaishia juu ya kabati.

Jirekodi kwa simu. Ukiwa unapiga unasikia unachokusudia, ukisikiliza rekodi unasikia ulichopiga.

Na cha kusikiliza kwa sikio, sisi wa Tanga tunacho nyumbani. Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zilikuwa bendi za mji huu, na Black Star Musical Club na Lucky Star walilitia gitaa kwenye taarab. Chukua rekodi yoyote ya dansi ya zamani, usikimbilie solo. Lifuate gitaa la rithimu, lile linaloshika mapigo, peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, halafu irudie ukifuata lile gitaa linalokaa kati ya rithimu na solo. Utagundua halipigi kodi za nyuzi sita. Linapiga vikodi vya nyuzi tatu nyembamba, huko juu ya shingo, na mkono hausafiri mbali.

Hili nadhani ndilo zoezi lenye faida kubwa kuliko yote kwa mtu wa katikati. Hesabu uzi wa tatu, wa pili na wa kwanza. C ni freti 5, 5, 3. F ni 5, 6, 5. G ni 4, 3, 3. Kodi tatu zinazobeba nyimbo chungu nzima, zote ndani ya freti nne tu za shingo. Zipige polepole kwa mapigo 60, kisha imba sauti ya juu ya kila kikodi kabla hujaipiga. Ukishaweza kuiimba, vidole vinajua vinakokwenda.

Tukimaliza, yafute mafuta ya jasho kwenye nyuzi kwa kitambaa kikavu. Hewa ya bahari inazila nyuzi za chuma upesi, na uzi wenye kutu haukai sawasawa kwenye sauti yake, ukalitesa na sikio lako.

Kijana yule alirudi wiki iliyopita. Uzi wa pili unalia. Safari hii aliniambia anachelewa akitoka F kwenda G kwenye vile vikodi vidogo. Sikumjibu. Nilimwomba apige kwa mapigo 50 huku anatazama mkono wake wa kushoto. Mara ya nne akasimama, akasema, "Mjomba, hiki cha shahada kinaruka juu kabla hakijashuka." Akaanza upya, safari hii kidole kikipita karibu na nyuzi.