Roboti inaelea, lakini mvutano wa dunia upo

Ujumbe ule umerudi tena kwenye grupu la ploti yetu hapa Umoja: video ya roboti yenye umbo la mchemraba ikielea kando ya mwanaanga, na maneno kwamba huko juu mvutano wa dunia umekwisha.

Roboti yenyewe ni ya kweli. Inaitwa Astrobee, ina sentimita 30 hivi kila upande, na hujisogeza kwa feni zinazopuliza hewa. Maelezo ndiyo yenye kasoro. Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambamo roboti hiyo inaelea, kiko takriban kilomita 400 juu, pungufu ya safari ya Nairobi hadi Mombasa, na hapo mvutano bado ni kama asilimia 90 ya huu wetu. Kituo kinaanguka muda wote, ila kinakimbia kilomita 28,000 hivi kwa saa, kwa hiyo kinaizunguka dunia bila kuigonga. Roboti na mwanaanga wanaanguka pamoja nacho, ndiyo maana wanaonekana wakielea.

Kuchanganyikiwa si ajabu. Wengi wetu tulifundishwa kwamba mwanaanga "hana uzito", tukadhani mvutano haupo. Naomba tusiusambaze tena ujumbe huo, hasa kwa watoto wanaosoma sayansi.

Anayetaka kuhakikisha atoboe chupa ya plastiki karibu na kitako na kuijaza maji bila kuifunika. Ukiishika, maji yanachuruzika. Iachie kutoka ghorofa ya kwanza, uani pakiwa hapana mtu: inapoanguka, mchirizi unakatika, kwa kuwa maji na chupa vinaanguka pamoja, ingawa mvutano upo.